Nauli ya chuo, moshi wa njiani: hesabu isiyo daftarini

MALI bila daftari hupotea bila habari, na wanaolijua hilo vizuri ni watu wanaovusha mizigo mipakani. Gunia la mahindi likitoka shambani hadi sokoni ng'ambo ya pili, mwenyewe anajua bei ya kununulia, ujira wa wapakiaji, kodi ya lori, ushuru, na kilo zilizomwagika njiani. Lakini kijana wake akishalipiwa karo ya chuo kikuu, au ada kama waitavyo Tanzania, daftari hufungwa. Nauli ya kwenda na kurudi darasani hutumwa kwa simu vipandevipande, muhula unakwisha, na hakuna aliyejumlisha.

Makala haya yanaifungua hesabu hiyo. Kila shilingi ya nauli ina mafuta ndani yake, na kila lita ya mafuta ina moshi. Vyuo vikuu duniani vimeanza kujiuliza namna ya kupunguza moshi wa safari za wanafunzi na wahadhiri, na majibu mawili yanatajwa sana: mwanafunzi asome akiwa mbali, au asafirishwe na gari la umeme linalojiendesha lenyewe. Kwa familia ya mfanyabiashara wa Busia, Malaba, Namanga, Mutukula au Rusumo, jibu moja kati ya haya liko karibu kuliko wengi wanavyodhani, na la pili bado liko mbali.

Lita, kilo na siku

Tuanze na mambo yanayopimika. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7. Sasa tuchukue mwanafunzi anayeishi kilomita 10 kutoka chuoni. Kwenda na kurudi ni kilomita 20 kwa siku. Akienda siku tano kwa wiki kwa muhula wa wiki 15, amekwenda kilomita 1,500.

Akipanda bodaboda inayotumia lita mbili na nusu kwa kilomita 100, safari hizo zinachoma lita 37 na nusu na kutoa kilo 86 hivi za hewa ya ukaa. Hapo tumehesabu safari zenye abiria tu. Pikipiki ikirudi tupu kila mara, zidisha kwa mbili. Akiwa na gari dogo analoendesha peke yake, linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100, ni lita 150 na kilo 345. Akipanda matatu, daladala au teksi ya abiria 14 iliyojaa, yenye kutumia lita 12 za dizeli kwa kilomita 100, fungu lake ni lita 13 hivi na kilo 35.

Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi anayebanana na wenzake katika gari la abiria tayari anachafua hewa mara kumi chini ya mwenzake mwenye gari lake. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa mpakani hulisahau. Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Kijana anayesoma Kampala na kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki huenda kilomita 400 kwa wiki, yaani kilomita 6,000 kwa muhula. Hiyo ni mara nne ya safari za kila siku za yule anayeishi kilomita 10 kutoka chuoni. Anayetaka kupunguza nauli na moshi aanze na safari hizo ndefu, kisha ndipo azitazame zile za kila siku.

Wafanyabiashara hawahitaji kukumbushwa kwamba mafuta ni bidhaa ya kuagiza. Ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hushuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafiri bara kwa bomba na kwa malori. Januari 2022, foleni za malori zilipoziba Malaba na Busia kwa sababu ya mvutano kuhusu vipimo vya Uviko-19, petroli iliadimika Uganda na katika baadhi ya maeneo bei ikapanda hadi shilingi 10,000 kwa lita. Chuo ambacho wanafunzi wake wote wanategemea petroli kufika darasani kimefungwa kamba moja na foleni hiyo ya mpakani.

Darasa linalokuja dukani

Kusoma kwa mbali si jambo geni katika ukanda huu. Makerere ilianza kutoa shahada kwa wanafunzi wa nje ya kampasi mwaka 1991. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kimejenga vituo mikoani ili mwanafunzi asilazimike kuhamia Dar es Salaam. Kenya nayo ilikipa Chuo Kikuu Huria cha Kenya hati yake Agosti 2023, na makao yake yako Konza.

Je, kweli kusoma hivyo kunapunguza moshi? Robin Roy na wenzake wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza walilipima jambo hilo miaka ya mwanzo ya karne hii. Walilinganisha masomo ya kampasi na masomo ya mbali, wakahesabu safari, makazi, majengo, kompyuta na karatasi. Walichokuta ni kwamba masomo ya mbali yalitumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 90, na yalitoa hewa ya ukaa pungufu kwa asilimia 85, kwa kila mwanafunzi. Sababu kubwa zilikuwa safari chache, majengo machache, na mwanafunzi kubaki katika nyumba ambayo ingekuwapo hata asiposoma.

Utafiti huo ulitoa pia onyo ambalo halisikiki sana. Masomo ya mtandaoni hayakuwa bora kwa kiasi kikubwa kuliko yale ya vitabu vilivyotumwa kwa posta, kwa sababu kompyuta zilikula umeme na wanafunzi walichapisha kurasa nyingi wenyewe. Faida ilitokana hasa na mwanafunzi kutosafiri na kutokuhama. Chombo alichosomea kilikuwa na uzito mdogo.

Takwimu hizo za Uingereza hazifai kuhamishwa nzimanzima. Kule mabweni hupashwa moto miezi mingi ya mwaka, gharama ambayo Busia na Mwanza hawaijui. Kwetu mzigo mkubwa ni safari, na kwa hiyo ndipo akiba ilipo. Hata bila kuacha kampasi kabisa, chuo kikipanga mihadhara ya kusikiliza tu iwe mtandaoni siku mbili kwa wiki, mwanafunzi wetu wa kilomita 10 anaokoa siku 30 za safari katika muhula wa wiki 15. Chukua nauli yake ya siku moja, izidishe mara 30, na utaona kama kiasi hicho kinanunua bando la intaneti na kubakiza chenji.

Mara nyingi kinatosha, lakini si kila mahali. Uganda, kwa mfano, iliweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando za intaneti kuanzia Julai 2021, wakati ambapo wanafunzi walikuwa bado majumbani kwa ajili ya janga la Uviko. Miaka hiyo ya 2020 na 2021 iliwafundisha wazazi wengi mambo mawili. La kwanza, mhadhara unaweza kusikilizwa kwa simu ukiwa nyuma ya duka. La pili, umeme ukikatika na mtandao ukilegea, aliye kijijini anabaki nyuma ya mwenzake wa mjini, ingawa karo waliyolipa ni ileile. Kuna masomo ambayo simu haiwezi kuyabeba pia: uuguzi, uhandisi, maabara za kemia, kilimo cha vitendo. Hayo yatabaki kudai miguu ya mwanafunzi ifike mahali.

Kwa mfanyabiashara mwenyewe, hususan mama mwenye kibanda ambacho hawezi kukiacha wiki hata moja, darasa la mbali lina maana kubwa kuliko moshi. Ndiyo njia pekee ya kupata shahada ya biashara au uhasibu bila kufunga duka. Anayesoma akiwa Namanga huku chuo kiko Dar es Salaam hapunguzi safari tu. Anapata kitu ambacho bila mtandao asingekipata kabisa.

Magari yasiyo na dereva yamefika wapi

Jibu la pili, gari la umeme linalojiendesha, linavutia zaidi kwa masikio, na lina historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Mjini Morgantown, Marekani, Chuo Kikuu cha West Virginia kina kampasi zilizotengana katika mji wa vilima na barabara finyu. Mabasi yalikwama kwenye foleni na wanafunzi wakachelewa vipindi. Mwaka 1975 ulifunguliwa mfumo wa vigari vya umeme visivyo na dereva, vinavyopita katika njia yake maalumu ya zege. Kila kigari kinachukua watu 20, wanane wamekaa na 12 wamesimama, na mwanafunzi hubonyeza kitufe cha kituo anachokwenda. Mfumo huo wenye vituo vitano umeendelea kubeba wanafunzi kwa miongo mingi.

Siri ya Morgantown ni ile njia yake. Hakuna mbuzi, mkokoteni wala mtembea kwa miguu anayekatiza. Mji wa Masdar, Abu Dhabi, ulijaribu kitu kinachofanana na hicho mwaka 2010, vigari vya umeme vikipeleka watu hadi kwenye taasisi ya elimu ya juu iliyokuwapo pale. Mpango wa awali ulikuwa kuvisambaza mji mzima, lakini uliachwa na kilichobaki ni kipande kifupi.

Gari likitolewa kwenye njia yake na kuachiwa barabara ya kawaida, mambo hubadilika. Chuo Kikuu cha Michigan kiliendesha mabasi madogo mawili ya umeme yanayojiendesha katika kampasi yake kuanzia Juni 2018 hadi Desemba 2019. Njia ilikuwa fupi, na ndani ya kila basi alikaa mtumishi wa kuangalia usalama. Huko Arizona, kampuni ya Waymo ilifungua huduma ya magari yasiyo na mtu kwenye usukani kwa umma wa Phoenix mwaka 2020, na imekua tangu hapo. Lakini katika mji jirani wa Tempe, ambao ni mji wa chuo kikuu, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli, Machi 2018. Ndani ya gari hilo alikuwamo msimamizi.

Anayeijua barabara ya Tororo saa moja usiku, yenye baiskeli zisizo na taa, malori yaliyoegeshwa pembeni na ng'ombe wanaorudi zizini, atajua kwamba gari hilo lina mitihani mingi ya kufaulu kabla ya kufika kwetu. Hata likifaulu, swali la moshi linabaki. Gari lisilo na dereva linaweza kumshusha mwanafunzi mmoja kisha likaenda tupu kumfuata mwingine. Likibeba mtu mmojammoja, linaongeza magari barabarani badala ya kuyapunguza. Kinachosaidia ni watu wengi kukaa katika chombo kimoja chenye kutumia umeme, awe na dereva au asiwe naye. Na dereva, katika nchi zetu, ni kijana anayelisha familia.

Umeme ambao tayari uko barabarani

Sehemu ya jibu hilo inayotuhusu sasa ni umeme. Umeme wa ukanda huu ni msafi kuliko wa nchi nyingi tajiri. Kenya hupata karibu tisa ya kumi ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Uganda hutegemea zaidi Mto Nile, na bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa 2024. Tanzania imekamilisha mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti tatu hadi nne kwa kilomita 100. Zile kilomita 1,500 za mwanafunzi wetu zinageuka kuwa uniti kati ya 45 na 60, mahali pa lita 37 za petroli. Kila msomaji anajua bei ya uniti na ya lita upande wake wa mpaka, na anaweza kumalizia hesabu mwenyewe.

Vyuo vyetu havikuachwa nyuma katika hili. Gari la umeme la Kiira EV, lililoonyeshwa mwaka 2011, lilitengenezwa na wanafunzi na wahadhiri wa Makerere. Mwaka 2016 ikafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua, na kutoka katika kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja. Nairobi, mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria 2022 kwa mpango ambao mwenye basi hulipia betri na chaji kwa kilomita. Kigali imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria mjini humo lazima iwe ya umeme. Rwanda ilikuwa imeondoa kodi kadhaa kwenye vyombo vya umeme tangu 2021. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwenye magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019.

Hapa ndipo mpaka unapojitokeza. Katika biashara ya bodaboda za umeme, mara nyingi betri si ya mwendeshaji. Ni ya kampuni, na mwendeshaji huibadilisha katika vituo vya kampuni hiyo tu. Akimvusha mwanafunzi kwenda ng'ambo ambako kampuni yake haina kituo, chaji ikiisha amekwama. Petroli haina uraia, lita ya Malaba ya Kenya inaingia katika tangi la pikipiki ya Malaba ya Uganda bila maswali. Betri bado ina uraia. Ushuru nao unatofautiana nchi hadi nchi, jambo ambalo mtu anayefikiria kuuza pikipiki hizo, vipuri vyake au chaja anapaswa kuliuliza kwa wakala wake wa forodha kabla ya kuweka fedha.

Nani atapungukiwa

Punguzo la safari halimfurahishi kila mtu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, kiko kando ya barabara inayoelekea Busia. Ng'ambo, kwenye barabara ya Malaba, kipo Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati yake 2022. Vyuo vya aina hii huzungukwa na hosteli, vibanda vya chakula, maduka ya kuchapisha na kutoa nakala, na vijana wa bodaboda langoni. Wengi wa wamiliki wao ni wasomaji wa gazeti hili. Wanafunzi wakija siku tatu badala ya tano, mama wa chapati anapoteza siku mbili za mauzo.

Hilo halifichiki, na wanaotangaza masomo ya mtandaoni hawalisemi. Lakini mfanyabiashara mwenye macho hufuata mteja alikohamia. Mwanafunzi anayesoma nyumbani bado anahitaji meza tulivu, umeme usiokatika, intaneti ya uhakika na mashine ya kuchapisha. Chumba chenye paneli za jua na viti 15 katika mji wa mpakani kinaweza kuuza vyote hivyo kwa saa. Na kwa mwanafunzi wa kijijini, chumba hicho kilicho kilomita mbili kutoka kwao ndicho kitakachoamua kama amalize shahada au aiache njiani.

Kabla ya kulipa

Mzazi, au wewe mwenyewe unayetaka kurudi shule, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutuma fedha. Uliza kwanza kama shahada ya mbali inayotolewa na chuo cha nchi jirani inatambuliwa na tume au baraza la vyuo vikuu la nchi yako, na udai jibu kwa maandishi. Uliza ni siku ngapi kwa muhula lazima ufike kampasi, na mitihani inafanyiwa wapi. Uliza kama masomo ya vitendo yana kituo karibu nawe. Kisha fungua daftari na uandike nauli, pango, bando na umeme katika mistari minne, kwa kila njia ya kusoma. Safari ndefu zipunguze kwanza. Zinazobaki zifanyike kwa gari la kushirikiana, na panapopatikana chombo cha umeme, chagua hicho.

Mengine hayamalizwi na daftari la mtu mmoja. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 tayari una cheti chake cha uasili kilichorahisishwa, na mwenye kapu la nyanya anakijua. Muuguzi aliyesomea ng'ambo, au mhasibu aliyesoma kwa simu akiwa dukani, naye anastahili njia rahisi kama hiyo, isiyomzungusha miezi katika ofisi za miji mikuu. Betri ya pikipiki nayo inahitaji viwango vinavyokubalika pande zote. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa na foleni zikafupishwa; vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vidai na haya. Mkutano ujao na maofisa wa Jumuiya ukifika, ajenda za shahada na betri ziwekwe mezani pamoja na zile za mahindi na samaki.